Mstari Usio na Kitenzi

Ukiuviringisha mpira wa gesi kiganjani mahali penye mwanga, utaona mstari wa maandishi madogo unaoufuata kwa urefu wake. Jina la kiwanda. Namba ya kiwango. Herufi tatu, LPG. Kipenyo cha ndani, mara nyingi milimita 8. Shinikizo la juu kabisa. Mwezi na mwaka. Halafu nafasi tupu, na baada yake jina la kiwanda tena, namba, herufi, kipenyo, hivyo hivyo hadi mwisho wa mpira. Kitenzi hakuna hata kimoja. Hakuna anayeamrisha wala anayeombwa. Ni nomino na tarakimu tu, zimepangwa na mtu asiyejitaja kwa ajili ya msomaji asiyemtaja.

Nataka kuusoma mstari huo kwa utaratibu ambao walimu wa fasihi wametuzoesha kuutumia kwa ubeti: fani kwanza, maudhui baadaye. Wapo watakaosema huko ni kuipa bidhaa ya dukani heshima isiyoistahili. Lakini jikoni penye gesi pamejaa matini. Mtungi umeandikwa, boksi la jiko lina karatasi yake ndani, duka la gesi lina bango ukutani, na kijana wa boda anayekuletea mtungi ana maneno yake. Nikiyaweka yote pamoja, naona mstari wa kwenye mpira umeandikwa vizuri kuliko mengine yote, na ndio unaosomwa na watu wachache zaidi. Ubora wake na upweke wake vinatoka mahali pamoja, kwenye umbo lake.

Mpira wenyewe si mwenyeji wa siku nyingi Kakamega. Hapa kuni ndizo zilizozoeleka. Msitu wa Kakamega, masalia nchini Kenya ya ule msitu wa mvua ulioungana zamani na wa Kongo, uko hapo Shinyalu, na ukielekea Isecheno utapishana na kina mama wanaorudi na matita kichwani. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zikipikia kuni, kama asilimia 55, na asilimia 24 hivi zikipikia gesi. Gesi hiyo huonekana zaidi mjini: Lurambi, Amalemba, Kefinco (mtaa uliobeba jina la mradi wa maji wa Kenya na Finland, kwa hiyo habari za mabomba si ngeni kabisa pale), na vyumba vya kupanga vinavyokizunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Serikali nayo imekuwa ikivuta na kuachia: Julai 2021 gesi ilitozwa kodi ya VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na Julai 2023 ikaondolewa.

Mtu huanza na mtungi wa kilo 6. Umbo lake limesimama: mtungi chini, koki juu yake, kichomeo juu ya koki, sufuria juu ya kichomeo. Mpira haupo. Kila kitu kiko kwenye mhimili mmoja, na mpishi anakiona chote kwa kutupa jicho mara moja. Udhaifu wa umbo hilo anaujua yeyote aliyewahi kusongea obusuma, yaani ugali, juu yake. Ugali wa watu sita unataka nguvu za mabega. Mwiko unasukuma sufuria, sufuria inasukuma kichomeo, na mtungi mzima unaanza kuyumba. Ndipo mtu anapotafuta jiko la mezani lenye vichomeo viwili na mtungi wa kilo 13. Sasa umbo limelala. Jiko liko juu ya meza, mtungi uko sakafuni, na kati yao pana mita moja na kitu ya mpira ambao haukuwapo jana. Mpishi amepata utulivu wa sufuria, na kwa kuupata amekubali kuwa na sehemu ya jiko lake asiyoitazama, kwa sababu imepita nyuma au chini ya meza.

Basi turudi kwenye mstari, tuanze na kukosekana kwa kitenzi.

Sentensi ya Kiswahili isiyo na kitenzi hupoteza vitu vitatu kwa mpigo: nafsi, wakati na hali. Mstari wa mpira hauna mtu anayesema, hauna “na-” wala “li-” wala “ta-”, na hauna njia ya kukanusha. Hausemi kwamba mpira huu unafaa, wala hausemi kwamba utafaa. Unataja milimita 8, baa 10, mwezi fulani na mwaka fulani, kisha unanyamaza. Ulinganishe na maneno yaliyo kwenye pakiti ya plastiki ambayo mipira mingine huuzwa ndani yake pamoja na regyuleta. Pale utakuta vivumishi: imara, bora, salama kwa familia yako. Hakuna awezaye kukikamata kivumishi “imara” akakipima. Milimita 8 zinapimika kwa rula ya mtoto wa darasa la nne. Mwaka unapimika kwa kalenda ya ukutani. Namba ya kiwango inaweza kuulizwa. Mstari wa mpira umeacha kila neno ambalo lingeweza kuusifu, ukabakiza yale tu yanayoweza kuuumbua. Sijui waandishi wangapi wa matangazo, au wa utenzi wa kusifu wakubwa, wangekubali sharti hilo.

Mbinu yake kuu ni takriri. Katika ushairi tunaambiwa takriri husisitiza, au hujenga mdundo, au humsaidia msikilizaji kukumbuka. Hapa ina kazi nyingine kabisa: kupambana na mkasi. Mpira hutoka kiwandani ukiwa rola la makumi ya mita, na mwandishi wake anajua kwamba utakatwa na mtu asiyemjua, mahali asipopajua, kwa urefu asioweza kuubashiri. Maneno yakiandikwa mara moja tu mwanzoni mwa rola, mteja wa kwanza ataondoka nayo na waliobaki wote watanunua mpira bubu. Kwa hiyo mstari hujirudia ili kila kipande kibebe matini nzima. Hii ni takriri iliyozaliwa na hofu, na inafanikiwa au inashindwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni upana wa nafasi tupu kati ya mstari na mwenzake.

Tazama inavyokuwa dukani. Katika duka la hadiwea jirani na soko la mjini, rola la mpira wa rangi ya chungwa limetundikwa kwenye msumari, pembeni yake nyaya za stima na kamba za ng'ombe. Mama mmoja anataka mita moja.

“Mama, chukua moja na nusu. Moja itavuta jiko,” anamwambia kijana wa dukani.

“Haya, nikatie hiyo, mwanangu. Lakini usinipunje.”

Kijana anaupima kwa alama mbili zilizochongwa kwenye ubao wa kaunta, anaukunja, anapitisha kisu. Kipande kilichoangukia upande wa mama kina jina la kiwanda, namba ya kiwango, herufi LPG na kipenyo. Mwezi na mwaka vimebaki upande wa rola, vitaondoka na mteja mwingine. Kuhusu urefu kijana alikuwa sahihi, kwa sababu mpira uliokazwa kama kamba ya kuanikia nguo huvuta viungo vyake vya pande zote mbili kila jiko linaposogezwa, na uliozidi mita moja na nusu huanza kulala sakafuni na kukanyagwa. Kuhusu matini alikosea, lakini nani alimwambia kwamba anakata matini?

Sasa namba ya kiwango. Msomaji wa kawaida huiona kama pambo la kitaalamu, kumbe ndiyo kiini cha mstari wote. Ukikuta BS 3212, hicho ni kiwango cha Uingereza cha mipira ya gesi ya LPG. EN 16436 ni cha Ulaya. IS 9573 ni cha India, na mipira ya kutoka huko si adimu katika ukanda wetu. Katika uhakiki tungeuita huu mwingiliano matini: andiko fupi linalosimama kwa kuegemea andiko refu lililo mbali. Vitenzi vyote ambavyo mstari umevinyima nafasi viko kule. Kule mpira huvutwa, hupindwa, hupashwa moto, hubanwa, hutumbukizwa katika kimiminika cha jamii ya petroli ili wapimaji waone kama utavimba au utatoa uchafu, na huachwa katika hewa ya kuuchosha mpaka waone kama ngozi yake itapasuka.

Kutumbukizwa huko kunaeleza jambo ambalo macho hayawezi kuliona dukani. Mpira wa kumwagilia bustani na mpira wa gesi vinaweza kufanana kwa unene na hata kwa rangi. Lakini gesi ya kupikia ni propani na butani, ndugu wa petroli, na hunyonya vilainishi vilivyomo ndani ya plastiki ya kawaida. Mpira wa bustani ukifungwa kwenye gesi huwa laini siku ya kwanza, mgumu baada ya miezi, na mwishowe hupasuka pale ulipopindwa. Mpira asilia nao haupatani na gesi hii. Mpira halali mara nyingi huwa na tabaka la ndani la mpira wa viwandani unaostahimili mafuta, juu yake nyuzi zilizosukwa, kisha ngozi ya nje. Ukiangalia ncha iliyokatwa utaona matabaka hayo na nyuzi zake. Ukiona rangi moja tu kutoka ndani hadi nje bila uzi hata mmoja, urudishe kwenye kaunta.

Hapa pia ndipo mstari unapoghushiwa kwa urahisi. Yeyote mwenye wino anaweza kuandika namba ya kiwango. Dalili ninayoitumia mimi ni ya kimtindo zaidi kuliko ya kihandisi: namba ya kiwango isiyo na jina la kiwanda. Mstari wa namna hiyo ni sawa na methali inayotangulizwa na “wahenga walisema”. Heshima yote ya usemi ipo, ila hakuna mhenga wa kumfuata nyumbani kumuuliza. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa upande wake, huja na namba ya kibali ambayo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ukajibiwa. Andiko linalokubali kuulizwa na kujibu ni nadra, na ni la kusifiwa. Tatizo lake ni la mahali lilipo: alama hiyo mara nyingi hukaa kwenye pakiti, na mita inayokatwa kutoka kwenye rola haina pakiti.

Mtungi nao umewahi kupita njia hii ya jina lisilo na mwenyewe. Kanuni za 2009 ziliwalazimisha wauzaji wote kutumia koki ya aina moja na kubadilishana mitungi, hata jina lililopakwa kwenye mtungi likawa karibu halina maana. Kanuni za LPG za 2019 zikaondoa kubadilishana huko kwa lazima na kumrudishia mwenye jina mtungi wake: mwingine haruhusiwi kuujaza bila idhini yake. Tangu hapo jina la kwenye mtungi ni sahihi ya mwandishi anayeweza kushtakiwa. Na uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma, si kupakwa. Mpira haujapata mwandishi wa namna hiyo, na wino wake hufutika kwa mafuta ya kupikia na kitambaa cha kupangusia. Kuna viwanda vinavyochonga maandishi yakae juu ya ngozi ya mpira badala ya kuyapaka. Ukikutana na mpira wa aina hiyo, hata ukiwa ghali kidogo, mwandishi wake alifikiria miaka.

Tarakimu inayopendwa na wauzaji ni ya shinikizo. “Huu ni wa baa 20!” utaambiwa, kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya ng'ombe. Kwa jiko la nyumbani sifa hiyo imezidi kiasi. Regyuleta ya kawaida ya mtungi wa kilo 13 hushusha shinikizo hadi milibaa 30 hivi, yaani sehemu tatu za mia za baa moja. Mpira wa baa 10 tayari umezidi mahitaji hayo zaidi ya mara 300. Ndani ya kishairi hiki cha mstari mmoja, shinikizo ndilo kinaya: namba kubwa kuliko zote ndiyo isiyo na uzito jikoni. Mpira wa nyumbani hauuawi na shinikizo. Huuawa na joto la chini ya sufuria, meno ya panya, uzee, na klipu iliyokazwa vibaya. Mambo ni tofauti kwenye kibanda cha chipsi au cha chapati kinachotumia jiko la moto mkali na regyuleta ya kuongeza na kupunguza. Pale mpira hubeba shinikizo kubwa kweli, na aliyeunganisha mpira mwembamba wa nyumbani kwenye jiko la aina hiyo amekosea kusoma. Na kuunganisha mpira wowote kwenye mtungi bila regyuleta hakuna mstari unaokuruhusu.

Lakini tarakimu ninayoitetea zaidi ni ile ya mwisho, mwaka. Wengi wakiuona hudhani ni tarehe ya kuharibika, kama kwenye maziwa. Kwa kawaida ni ya kuzaliwa. Viwanda vingi hushauri mpira ubadilishwe baada ya miaka 5, hata kama unaonekana mzima, ila ushauri huo hauko kwenye mstari. Msomaji anaachiwa hesabu aifanye mwenyewe, na kwa kuwa hajui kwamba anatakiwa kujumlisha, hajumlishi. Ufaransa na Italia zina mipira ya jikoni iliyochapwa mwaka wa mwisho wa kutumika. Tofauti ni ndogo kwenye wino, ni kubwa kwenye usimulizi. Mwaka wa kuzaliwa unasimulia yaliyopita na kumwachia msomaji ajue mwisho. Mwaka wa mwisho unamgeuza msomaji kuwa mhusika: siku hiyo ikifika, ama amebadilisha ama hajabadilisha. Ule mstari usio na kitenzi hupata, kwa tarakimu nne tu, kitu kinachofanya kazi ya kitenzi cha wakati ujao.

Nami ningemwonya mnunuzi kuhusu jambo moja linalotokana na hili. Miaka 5 haihesabiwi tangu siku ulipoufunga. Mpira uliokaa miaka mitatu kwenye msumari wa duka, juani asubuhi na kwenye moshi wa lori jioni, umeshatumia miaka mitatu yake.

Kwenye rangi sitakawia. Rangi ya chungwa imekuwa sare ya mipira ya gesi, na watu huiamini kama watu wanavyoamini koti jeupe. Ni pambo. Kiwanda chochote kinaweza kulitia rangi hiyo bomba lolote.

Sasa tuitazame matini pinzani, karatasi ya tahadhari iliyokunjwa ndani ya boksi la jiko. Mtindo wake ni amri kanushi: usiweke, usivute, usiache, usitumie. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa na “usi-” kumi mfululizo, zote zikiwa na uzito sawa, ile ya kutopangusa jiko kwa brashi ya chuma ikifuatana na ile ya kutowasha kiberiti kutafuta gesi inayovuja. Huo ni muundo usiojua lipi linaua na lipi linakwaruza. Isitoshe, amri hizo hazina kipimo: usitumie mpira uliochakaa. Uliochakaa kiasi gani? Mwandishi wa karatasi anajilinda. Siku jambo likitokea, ataonyesha kwamba alisema. Mwandishi wa mstari wa mpira amejiweka wazi. Ndiyo sababu naona karatasi, pamoja na vitenzi vyake vyote na hata pale inapoandikwa kwa Kiswahili sanifu, ni matini dhaifu kuliko mstari ule mkavu.

Na maandishi yasiyosomwa si tatizo la jikoni peke yake. Usiku wa Februari 1, 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kituo pale yalikuwa yamekataliwa. Karatasi ya kukataa ilikuwapo. Gesi iliendelea kuuzwa.

Upande wa mdomo tumebahatika zaidi. Kijana wa boda anayeshusha mtungi mlangoni, akishapokea pesa, huwa na kauli ya namna hii: “Mama, ukisikia harufu, funga hapa juu, fungua mlango, toka nje.” Ipime kauli hiyo. Inaanza na “-ki-”, sharti linaloshikwa na pua, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu na ile ya kunuka kama kabichi iliyooza hutiwa makusudi. Kisha vitenzi vitatu vifupi kwa mpangilio wa wakati, kila kimoja na kiungo chake: mkono, mkono, miguu. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuitekeleza gizani. Ningeongeza kishazi kimoja tu: usiwashe wala usizime stima, kwa sababu swichi hutoa cheche pande zote mbili. Na ningesisitiza mlango kuliko dirisha. Gesi ya LPG ni nzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya sakafuni, na jikoni nyingi za Kakamega dirisha dogo liko juu karibu na dari, lilipowekwa kwa ajili ya moshi wa kuni. Moshi hupanda, gesi hushuka. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya ule wa kwanza.

Tukifika kwenye kufunga, matini zote zinanyamaza. Mstari umekueleza mpira ni nini, haukuelezi mkono ufanye nini. Kwa hiyo hapa sihakiki tena, naeleza kazi ilivyo. Ncha ikatwe kwa kisu kikali, ikae sawasawa. Ncha iliyokatwa mshazari hukaa upande mmoja na kuacha upenyo upande wa pili. Mdomo wa regyuleta una matuta, na mpira unatakiwa uyapite yote mpaka ugote mwisho. Ukigoma, ncha ichovywe kwenye maji ya moto kidogo, usiipake mafuta, maana kinachoingia kwa kuteleza hutoka kwa kuteleza. Klipu iwe imevishwa kabla ya mpira kuingia, na ikazwe juu ya matuta, si kwenye ukingo kabisa wala nyuma yake ambako mpira hauna kitu ndani. Ikazwe mpaka mpira usizunguke ukiushika, kisha bisibisi iwekwe chini. Anayeendelea kukaza kwa kujionyesha nguvu huikata ngozi ya mpira kwa meno ya klipu. Upande wa jiko unataka klipu yake vilevile. Waya wa kufungia uzio uliosokotwa kwa koleo si klipu. Hubana pointi mbili na kuacha zilizobaki wazi.

Halafu koki ya mtungi ifunguliwe huku vichomeo vimefungwa, na povu la sabuni lipakwe kwenye viungo vyote viwili na pale regyuleta inapokutana na mtungi. Kiputo kikikua, gesi inavuja. Hili ni jaribio ambalo halihitaji kusoma, na linafaa kurudiwa kila mtungi unapobadilishwa. Kiberiti kisihusishwe.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo hakuna karatasi ya kiwandani iliyoliwaza. Jikoni nyingi za pembezoni mwa mji, kuanzia Shieywe hadi Khayega, hazijaacha kuni. Gesi ni ya chai ya asubuhi na ya wageni. Maharagwe na ng'ombe wa sherehe vinabaki kwa mafiga. Vyote viko chumba kimoja. Mpira wa gesi unapita hatua mbili kutoka kwenye moto ulio wazi, na usiku panya waliofuata mahindi wanauonja. Mwenye jikoni ya namna hiyo asiutegemee mwaka uliochapwa. Aupitishe mpira mbali na mafiga, aupinde mara moja moja kwa vidole atazame kama ngozi inafanya nyufa, na koki ya mtungi aifunge kila anapomaliza kupika, siyo ile ya jiko pekee, ili usiku mpira uwe mtupu.

Hukumu yangu ni kwamba mstari wa mpira ni andiko zuri lililoelekezwa kwa mtu asiye sahihi. Uliandikwa kwa ajili ya mkaguzi wa kiwandani na wa forodhani, na kwa hao hauna kasoro. Ukifika kwenye kaunta ya Kakamega, msomaji amebadilika na maandishi hayajabadilika. KEBS ingeweza kuurekebisha bila kuongeza hata sentensi moja: mwaka wa mwisho badala ya wa kwanza, neno moja la Kiswahili kabla yake, “badilisha”, maandishi ya kuchongwa yasiyofutika, na nafasi tupu fupi ya kutosha ili kipande cha mita moja kisiweze kukatwa bila kubeba mwaka wake. Mpaka hapo, mwambie muuzaji auvute mpira mbele yako, uusome mstari wote, kisha akate baada ya mwaka, asikate kabla.